Fungurume: Wakati simu haikuwa na waya wala siri

Kila siku malori yaliyobeba shaba na magunia ya kobalti yanapita katikati ya Fungurume, yakielekea Likasi, Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa. Mbali na hapa, sehemu ya shaba hiyo itageuka waya: waya wa umeme, waya wa mota, waya wa simu. Lakini mkaaji wa Fungurume aliyezaliwa katika miaka ya 1980 anaweza kufika uzeeni bila kuzungumza na ndugu yake kwa simu ya waya hata mara moja. Nchi inayochimba shaba ya waya za dunia imezoea kuongea kwa njia ya hewa.

Leo hewa hiyo imejaa. Kando ya barabara kuu, chini ya miavuli, vijana wanauza mauniti, wanatuma na kupokea pesa kwa simu, wanachajia watu betri. Kwa waliokuwa watu wazima miaka 30 iliyopita katika miji ya Katanga, kumbukumbu ni nyingine kabisa: chumba kimoja, benchi ya mbao, betri ya gari, waya uliotandazwa juu kati ya miti miwili, na sauti ya ndugu ikitoka ndani ya kisanduku mbele ya watu wote waliokaa pale. Kisanduku hicho kiliitwa foni.

Bila kuanzia kwenye benchi hiyo, ni vigumu kuelewa kwa nini simu ya mkono ilipokelewa Kongo kwa furaha kubwa hivyo, na kwa nini hadi leo uniti zikikatwa bila sababu kujulikana watu wanakasirika kama walioibiwa shamba.

Waya ulipokufa

Simu ya waya haikuwa kamwe kitu cha kila mtu Katanga. Ilikuwa ya ofisi, vituo vya reli, misheni, hospitali kubwa na nyumba za wakubwa wa kampuni. Aliyebaki alienda posta. Posta na simu zilikuwa mikononi mwa ofisi moja ya Serikali: ONPTZ wakati wa Zaire, OCPT baada ya mwaka wa 1997, SCPT leo. Jina limebadilika mara mbili, waya hazikurudi.

Fungurume ilikaribia kuwa mji mkubwa mapema zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi la kampuni za kigeni, pamoja na Serikali, liliunda SMTF ili kufungua machimbo ya Tenke na Fungurume. Mwaka wa 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, njia fupi ya shaba kuelekea bahari. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka. Mwaka wa 1976 kazi zikasimama, na shaba ikabaki ndani ya vilima kwa miaka mingine 30. Treni ziliendelea kupita kuelekea Tenke, mahali ambapo reli inagawanyika, njia moja ikienda Kamina na nyingine Kolwezi, lakini Fungurume ilibaki mahali pa kupita.

Halafu ikaja miaka ya kuanguka. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, Kolwezi, ilibomoka chini ya ardhi. Mwezi wa Septemba 1991, na tena Januari 1993, wanajeshi wasiolipwa walianzisha uporaji ulioenea katika miji mikubwa ya nchi. Kufikia mwaka wa 1993 shaba ya Gécamines haikufika tena tani 50,000. Kampuni ambayo wafanyakazi waliiita baba na mama ilishindwa kulipa mishahara, sembuse kutunza miji.

Katika hali hiyo waya wa simu hauna bahati. Waya wa simu ni shaba, na shaba ina mnunuzi. Uliokatwa usiku ulikuwa umeshayeyushwa au kuuzwa kabla fundi hajafika, kama fundi alikuwepo. Mtu wa Katanga haoni ajabu yoyote katika hadithi hii, maana hata leo nyaya za umeme zinaibwa kwa njia ileile.

Kilichobaki ni hewa.

Kamba ya kuanikia nguo

Foni ni redio ya mawimbi mafupi, inayopokea na kutuma kati ya megahezi 3 na 30. Wakongomani walichukua jina kutoka neno la Kifaransa, na mtu aliyekaa mbele ya mikro akaitwa fonisti. Mapadri na wachungaji walikuwa nayo, hospitali, mashirika ya misaada, kampuni za ndege ndogo, jeshi, wafanyabiashara wakubwa. Katika miaka ya 1990, sehemu nyingi za Zaire, foni ikawa pia biashara ya mtaani: mtu mwenye kifaa, betri na kibali (au bila kibali) alifungua chumba, akaweka benchi, akawauzia watu dakika.

Antena ndiyo iliyotambulisha nyumba. Kwa frekansi ya megahezi 7, wimbi moja lina urefu wa mita 43 hivi, na antena ya kawaida ni nusu ya hapo, karibu mita 20 za waya uliogawanywa katikati. Waliifunga kwenye mianzi miwili, au mti na pembe ya paa. Mgeni angedhani ni kamba ya kuanikia nguo iliyowekwa juu mno. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, redio ilikwaruza kwa sababu ya radi, na fonisti mwenye akili aliichomoa antena kabla wingu halijafika juu ya mji.

Nguvu ya foni ilikuwa kwamba haikuogopa vilima. Mawimbi ya simu ya mkono ya leo yanaenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Kilima kikiwa katikati, hakuna rezo. Mawimbi mafupi yanapanda juu, yanafika kwenye tabaka za hewa zilizochajiwa na jua, kuanzia kilometa 100 hivi kutoka ardhini, kisha yanarudishwa chini mamia ya kilometa mbele. Mtu aliweza kushindwa kufika kijiji cha jirani kwa sababu daraja limebomoka, na palepale akazungumza na Kananga.

Lakini jua halitoi bure. Mchana tabaka hizo zina nguvu na zinahitaji frekansi ya juu. Usiku zinalegea, na fonisti anashuka kwenye megahezi 3, 4 au 5. Kuna miaka mizuri na miaka mibaya, kwa maana madoa ya jua yanaongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Karibu na mwaka wa 1990 jua lilikuwa kileleni, na sauti zilifika mbali. Karibu na mwaka wa 1996, wakati nchi ilikuwa inaingia vitani, jua lilikuwa chini. Wengi wa mafonisti hawakusoma jambo hili katika kitabu chochote. Walilijua kwa masikio: saa hii jaribu hapa, saa ile shuka pale, saa kumi na mbili jioni usipoteze mafuta ya jenereta. Ni elimu kamili, na imekufa karibu yote bila kuandikwa.

Kwenye benchi

Utaratibu ulikuwa karibu mmoja kila mahali. Mtu anafika asubuhi na kuacha ujumbe: mwambieni shangazi yangu wa mtaa fulani afike kwenye foni saa nane. Fonisti wa upande wa pili anamtuma kijana kwa baiskeli. Saa nane, kama shangazi amepatikana, kama betri ina nguvu, kama jua linakubali, mwito unatoka:

“Likasi, Likasi, Likasi, hapa Fungurume. Unanisikia? À toi.”

“Fungurume, hapa Likasi. Minakusikia muzuri, cinq sur cinq. À toi.”

“Ambia yaya mutoto amezalikwa, mama yake iko muzima. À toi.”

Neno hilo la mwisho lilikuwa sheria. Foni haipokei na kutuma kwa wakati mmoja. Mtu anabonyeza kitufe, anasema, anaachia, anangoja. Aliyesahau kusema “à toi” aliwaacha wote wawili kimya, kila mmoja akimngojea mwenzake, na dakika zinalipwa. Aliyelia akiwa amebonyeza kitufe hakuweza kufarijiwa hadi aachie.

Na wote walisikia. Hapo ndipo kumbukumbu za foni zinapokuwa nzito. Sauti ilitoka kwenye kisanduku, siyo sikioni. Aliyekuja kuuliza bei ya mahindi alisikia kwamba mume wa jirani yake ameoa mke wa pili Mbuji-Mayi. Aliyekuja kudai deni alisikika na anayedaiwa na wengine. Habari ya msiba ilifika mbele ya wageni sita, na wageni hao sita walikuwa wa kwanza kumshika aliyefiwa asianguke. Si kila mtu anaukumbuka wakati huo kwa uchungu. Kulikuwa na joto fulani katika kujua mambo ya wote, ingawa ni rahisi kusema hivyo kwa yule ambaye siri yake haikutoka.

Kwa hiyo watu walijifunza kuficha. Wafanyabiashara walikuwa na maneno yao: mzigo uliitwa mtoto, pesa ziliitwa magunia, bei ilisemwa kwa nambari ambazo mshirika tu alijua namna ya kuzigeuza. Pesa zenyewe zilisafiri kwa foni: unalipa hapa, fonisti anatoa agizo, ndugu yako analipwa kule, na vyumba viwili vinasawazisha hesabu baadaye. Kijana anayetuma pesa leo kwa simu chini ya mwavuli anafanya kazi ambayo baba yake aliijua, isipokuwa baba yake alihitaji kumwamini mtu mwenye jina na uso.

Hata nje ya chumba hakukuwa na siri. Yeyote mwenye foni nyingine kwenye frekansi ileile alisikia. Redio ya kawaida yenye mawimbi mafupi nayo ilinasa sauti hizo, ingawa zilikuwa zimepindika kama bata anayelia, kwa sababu foni hutuma nusu tu ya wimbi ili kuokoa nguvu. Juu ya hiyo wakubwa wa usalama waliiangalia foni kwa jicho baya, na wakati wa vita mwenye antena aliweza kuulizwa anaongea na nani na anawaambia nini.

Uzito huo ulionekana zaidi mwaka wa 1992 na 1993, wakati familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Shaba. Watu walikaa wiki na miezi kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingojea treni, wengi walikufa pale ama njiani, na mabehewa yaliyojaa yalipita Tenke kuelekea Kamina na kaskazini. Barua ilichukua wiki nyingi au haikufika kabisa. Mahali palipokuwa na foni ya parokia katika ncha zote mbili, jina liliweza kuvuka siku hiyohiyo: amefika, hajafika. Kwa aliyebaki nyuma, maneno hayo mawili yalikuwa na thamani kuliko mshahara wowote ambao kampuni ilikuwa inadaiwa.

Simu ya kifalme

Wakati watu wa kawaida walikuwa kwenye benchi, Kinshasa ilikuwa na kitu kingine. Mwaka wa 1986 mfanyabiashara Miko Rwayitare, mzaliwa wa Rwanda aliyeishi Zaire, alianzisha Telecel pamoja na Mmarekani Joseph Gatt. Zaire, nchi ambayo waya zake zilikuwa zinakufa, ikawa kati ya nchi za kwanza kabisa za Afrika kuwa na simu ya mkono. Wateja walikuwa wakubwa wa utawala na matajiri. Polepole huduma ilitoka Kinshasa ikafika miji mingine mikubwa, na jina Telecel likawa, kwa watu wengi, jina la simu yenyewe.

Simu za kizazi hicho zilikuwa mzigo. Ya kwanza kuuzwa duniani, DynaTAC ya Motorola, iliyoruhusiwa Marekani mwaka wa 1983, ilikuwa na uzito wa karibu gramu 800 na bei ya dola 3,995. Ilichajiwa kwa saa 10 ili kuongea nusu saa. Mtu hakuiweka mfukoni. Aliishika mkononi ili aonekane.

Lakini kwa siri, simu hiyo ya kifalme haikuizidi sana foni ya maskini. Sauti yake ilipita hewani wazi, karibu na megahezi 800, bila kufungwa kwa namba yoyote. Mwenye kifaa cha kutafuta frekansi aliweza kusikiliza waziri kama vile watu wa benchi walivyomsikiliza shangazi.

Na si Zaire tu. Matajiri wa Ulaya na Marekani, waliokuwa na waya mzuri hadi mlangoni, walikuwa wakijifunza somo hilohilo ndani ya nyumba zao. Mwaka wa 1969 George Sweigert, mtu wa Ohio aliyekuwa mwendesha redio, alipata hati ya uvumbuzi ya simu isiyo na waya: kitako kinabaki kwenye waya ukutani, mkono wa simu unazunguka na mtu nyumbani. Katika miaka ya 1980 simu hizo ziliuzwa kwa mamilioni. Marekani zilipewa njia 10 tu, kwenye megahezi 46 na 49, na mtaa mmoja uliweza kuwa na simu 50. Watu walinyanyua simu wakakuta mazungumzo ya jirani. Kifaa cha kusikilizia mtoto mchanga kilinasa ugomvi wa nyumba ya pili. Zile za mwanzo hazikuwa hata na namba ya kujitambulisha, hivyo mkono wa simu wa nyumba moja uliweza kufungua waya wa nyumba nyingine, na bili ikaenda kwa asiyehusika.

Sheria ya Marekani ilichelewa. Hadi mwaka wa 1994, sheria ya nchi hiyo dhidi ya kusikiliza simu za watu haikulinda ile sehemu ya mazungumzo iliyopita hewani kati ya mkono wa simu na kitako chake. Mantiki ilikuwa fupi: ukiirusha sauti hewani, usilalamike ikisikika. Fonisti yeyote wa Katanga angekubali.

Chini ya ardhi na juu yake

Celtel ilianza kazi Kongo mwishoni mwa mwaka wa 2000, Vodacom mwaka wa 2002, na nyingine zikafuata. Hizi hazikuwa simu za Telecel. GSM inageuza sauti kuwa namba na kuifunga kati ya simu na mnara. Mwenye kifaa cha kusikilizia anapata kelele tu. Kwa mara ya kwanza mtu wa Katanga aliweza kumwambia ndugu yake jambo bila benchi nzima kujua. Kampuni inayoshika mnara, na Serikali inayoweza kuibishia mlango kampuni hiyo, ni habari nyingine.

Mafundi wa wakati huo wana kumbukumbu ya kuchekesha kidogo. Simu za nyumbani zisizo na waya zilizotengenezwa kwa soko la Marekani katika miaka ya 1990 zilitumia megahezi 902 hadi 928. Za Ulaya za kizazi kimoja zilitumia 914 na 959. Mahali ambapo GSM ya 900 ilijengwa, simu za mkono zilipewa 890 hadi 915 kwa kutuma na 935 hadi 960 kwa kupokea. Yaani simu ya zamani iliyoletwa ndani ya kontena la vitu vya mitumba iliweza kukaa juu ya njia ambayo kampuni ya simu imelipia. Kifaa halali New York kinakuwa mwizi wa hewa kinapowashwa mahali pengine, na mwenye nacho hajui.

Ni neno “imelipia” linalostahili kutazamwa, hasa na watu wa Fungurume. Mwaka wa 2002, nchi ikiwa bado imegawanyika kwa vita, Kinshasa ilitoa sheria mbili katika miezi minne. Tarehe 11 Julai ilikuwa Kodi ya Madini: kilicho chini ya ardhi ni mali ya Serikali, na Serikali inatoa vibali vya kuchimba. Tarehe 16 Oktoba ilikuwa sheria ya mawasiliano, pamoja na nyingine iliyounda ARPTC, mamlaka ya kusimamia sekta hiyo: masafa ya redio ni mali ya Serikali, na Serikali inatoa vibali vya kuyatumia. Kilicho chini ya miguu na kilicho juu ya kichwa vikapata wenyewe mwaka mmoja.

Fungurume imeishi matokeo yote mawili kwa pamoja. Freeport-McMoRan, kampuni ya Marekani, ilishika mradi wa Tenke Fungurume mwaka wa 2007. Shaba ya kwanza ilitoka mwaka wa 2009. Na mwaka wa 2016 China Molybdenum, inayoitwa leo CMOC, ilinunua sehemu ya Wamarekani kwa dola bilioni 2.65. Eneo la kibali linazidi kilometa za mraba 1,500. Watu walimiminika kutoka kila upande kutafuta kazi, na kila mmoja wao alikuja na simu na watu aliowaacha nyumbani. Kuhusu ardhi mjadala haujawahi kunyamaza: nani alihamishwa, nani alilipwa, kijiji gani kilipata kisima. Kuhusu hewa karibu hakuna anayeuliza kitu, ingawa kila mkaaji anailipia kila siku, uniti kwa uniti.

Swali lilitokea mara moja kwa kishindo. Kuanzia mwaka wa 2020 kila mwenye simu alikatwa uniti kwa jina la RAM, daftari la vifaa vya mkononi: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya kawaida, dola 7 kwa simu ya intaneti. Uniti zilitoweka usiku, mtu akaamka na salio pungufu. Kelele zilienea nchi nzima, bungeni na barabarani, hadi makato hayo yakaondolewa mwaka wa 2022. Na kabla ya hapo watu walikuwa wameona kwamba hewa inaweza kufungwa kabisa: Januari 2015 intaneti na ujumbe mfupi vilikatwa wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, na kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 intaneti ilikatwa tena kwa karibu siku 20, watu wakingojea matokeo ya uchaguzi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2006 kinalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu, lakini siri ni kitu kimoja na kuwa na njia ya kuzungumza ni kingine. Foni haikuwa na siri. Lakini hakukuwa na mlango mmoja wa kuifunga. Ilikuwa lazima kupita nyumba kwa nyumba na kukata mianzi.

Zilizobaki

Redio haijatoka Fungurume. Machimbo makubwa yanaendeshwa kwa redio za mkononi, zile ambazo Wakongomani wengi wanaziita motorola hata zikiwa na jina jingine mgongoni. Dereva wa lori la mgodini, msimamizi wa shimo, walinzi wa uzio, wote wanaongea kwa kitufe: bonyeza, sema, achia. Kwenye migodi dunia nzima, karibu na mahali pa kulipulia miamba, kuna kibao kinachoamuru kuzima redio na simu. Si desturi tu. Vilipuzi vya umeme vina nyaya ndefu, na nyaya hizo zinaweza kufanya kazi ya antena. Redio yenye nguvu ikiwa karibu mno, umeme mdogo unaonaswa waweza kutosha kuwasha kilipuzi kabla ya wakati wake.

Nje ya mji mambo yanarudi nyuma haraka. Eneo la Lubudi ni kubwa na lina watu waliotawanyika, na kampuni za simu hujenga mnara mahali ambapo mauniti yatanunuliwa. Nyuma ya kilima cha pili rezo inakatika. Hapo watu wana ramani zao: chini ya mti fulani unapata kampuni hii, kwenye njia panda unapata ile. Vichuguu vya Katanga, vinavyozidi urefu wa nyumba, vimepata kazi ambayo mchwa hawakuipanga; mtu anapanda juu, ananyoosha mkono, anatafuta mistari miwili ya rezo. Simu yake ina kamera, ina muziki, ina ramani ya dunia, na inahitaji kichuguu.

Na ukimsikia mzee juu ya kichuguu hicho akimaliza kila sentensi kwa “à toi”, kisha akinyamaza kabisa hadi ajibiwe, usimcheke. Alilipia dakika zake kwenye benchi.